Kalenda ya pamoja kwenye simu bila kuanika maisha yako: mwongozo kamili

Nilikuwa stesheni ya Kigoma nimekaa kwenye benchi nasubiri treni ya Tabora, mkoba uko magotini na mkono nimeupitisha kwenye kamba yake, simu ikaita. Alikuwa kijana aliyewahi kunisaidia kwenye biashara ya dagaa, tuliachana vizuri tu miezi minne nyuma, akasema "safari njema dada, msalimie shemeji Tabora, na hizo hela za watu usizitoe machoni." Nikamshukuru nikakata simu, afu mwili wote ukaingia baridi, maana mjini pale sikuwa nimemwambia mtu kwamba nasafiri siku ile wala kwamba nimebeba hela za wenzangu. Nikakaa nafikiria nani kaniongelea, wifi? jirani wa stoo? Mpaka treni inafika Uvinza ndo nikakumbuka: bado alikuwa kwenye kalenda yetu. Nilimuingiza kwa mkono wangu siku anaanza kazi, na siku anaondoka nikachukua funguo za stoo, kalenda nikaisahau.

Yule kijana hakuwa na ubaya wowote na alipiga kwa nia njema kabisa. Lakini kama angekuwa mwingine? Safari zangu zote za miezi minne alikuwa anaziona, siku nakwenda benki, siku mama yuko peke yake nyumbani Ujiji, siku wote tupo msibani na nyumba imefungwa. Tangu siku ile nimejifunza hii kitu taratibu, kwa kuuliza na kujaribu moja moja, na nimeshawasetia kalenda ndugu zangu, kikoba chetu cha Mwanga na akina mama wawili wa mawese, kwa hiyo naandika hapa yote niliyofika nayo ili we usianzie nilipoanzia mimi.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Meseji za WhatsApp nyingi zinaongelea yaliyopita au ya sasa hivi, kalenda inaongelea kesho. Inasema utakuwa wapi, saa ngapi, na nani, na kwa sababu inajirudia inaonesha mpaka tabia yako, kila Ijumaa uko hivi, kila mwisho wa mwezi uko vile. Mtu akiipata hahitaji kukufuatilia. Na bado hatuwezi kuiacha, familia yetu ina ndugu watano tumetawanyika Kigoma, Kasulu, Tabora na Dar, mama ana miadi ya hospitali, tulishawahi kumkosesha mara mbili kila mtu akidhani mwenzake ndo anampeleka.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya simu

Usipakue programu yoyote kwanza. Chukua karatasi uandike majina ya wote unaotaka wawe kwenye kalenda, na mbele ya kila jina jibu swali moja tu, huyu anahitaji kujua nini ili afanye sehemu yake. Yaani ili afanye sehemu yake, sio angependa kujua nini, maana sisi ndugu tunapenda kujua kila kitu.

Mimi nilipofanya hivyo nikashangaa. Ndugu zangu wanne wanahitaji kujua siku na saa ya kliniki ya mama na nani anampeleka, basi, hawahitaji kujua ni idara gani ya hospitali ya Maweni wala daktari kasema nini, hayo anayesema ni mama mwenyewe akitaka. Msaidizi wa dukani anahitaji kujua siku ambazo mimi sipo, hahitaji kujua nipo wapi. Wateja wangu wa Tabora wanahitaji siku mzigo unapanda treni, hawahitaji kujua mzigo wa nani mwingine uko kwenye gunia la pili. Na bajaji anayembeba mama hahitaji kalenda kabisa, anapigiwa simu jioni ya kuamkia siku hiyo na kazi inaisha.

Kila tukio lina vitu vitatu ndani yake, muda, mahali na sababu. Ukipitia karatasi yako utaona wengi wao wanahitaji muda tu, wachache wanahitaji mahali, na sababu karibu hakuna anayeihitaji. Mambo yote yanayofuata huku chini, programu gani, setingi ipi, ni njia tu za kugawa muda huku sababu inabaki kwako.

Hatua ya 2: jua unajikinga na nani

Watu wakisikia faragha mtandaoni wanawaza kampuni kubwa za nje, na ni kweli zipo na zinakusanya. Ila kwa maisha yetu ya hapa mimi naona hatari ya kwanza ni walio karibu. Kuna yule uliyemuingiza mwenyewe ukamsahau, kama mimi. Kuna anayeshika simu yako, mtoto, mteja anayekaa kaunta, fundi simu. Kuna aliyetumiwa linki na mtu mwingine bila we kujua. Afu ndo kuna kampuni inayotunza kalenda yenyewe kwenye seva zake, yaani kompyuta zake za mtandaoni, na programu nyingine ulizozipa ruhusa kwenye simu.

Andika kwenye ile karatasi yupi kati ya hao anakutisha zaidi, maana dawa zao ni tofauti. Ukihofia kampuni unabadilisha programu. Ukihofia mfanyakazi wa zamani hata programu ya siri kuliko zote duniani haikusaidii kama jina lake bado limo.

Hatua ya 3: chagua programu

Google Calendar ndo wengi tunayo tayari, maana simu za Android ukishaweka akaunti ya Gmail kalenda nayo ipo. Ipo tangu 2006, inafanya kazi bando likiisha afu ikipata mtandao inajisawazisha, na ngazi zake za ruhusa ni nzuri kweli, nitazieleza. Upungufu wake ni kwamba taarifa zinafumbwa, yaani zinageuzwa zisisomeke bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa kwenye seva lakini funguo wanazo wao Google, sio kama meseji za WhatsApp ambazo zimefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani anasoma anayetuma na anayepokea tu. Kwa maana hiyo uwezo wa kusoma wanao.

Wenye iPhone wana kalenda ya iCloud, na hapa kuna watu wanajidanganya. Apple wana ulinzi wa ziada unaoweza kuuwasha ukafumba vitu vingi mwisho hadi mwisho, picha, noti, bakapu, lakini kalenda haimo, hata ukiuwasha kalenda inabaki kwenye ulinzi wa kawaida. Halafu kwenye familia zetu nusu wana Android na nusu wana iPhone, kwa hiyo kuwapa wote kalenda ya iCloud ni kujitafutia kazi.

Proton Calendar ya Uswisi ndo ile iliyofumbwa mwisho hadi mwisho, jina la tukio, maelezo, mahali na majina ya waalikwa havisomeki hata na wao wenyewe. Ila elewa kwamba saa ya kuanza na kumaliza haimo kwenye ule ufumbaji, wanaihitaji ili wakutumie kumbusho. Tuta ya Ujerumani, ambayo mpaka 2023 iliitwa Tutanota, wao wanafumba mpaka kumbusho zenyewe. Zote mbili zina akaunti ya bure kwa mtu mmoja, lakini kabla hujahamisha ukoo mzima angalia kwenye ukurasa wao wa bei kama kushea kunataka akaunti ya kulipia, na ujue kila ndugu atabidi afungue akaunti mpya na kukumbuka nywila mpya. Nywila ikipotea kwenye programu za namna hii hakuna wa kukufungulia kirahisi, maana funguo hawana. Mama yangu mdogo alishasahau nywila ya Gmail mara tatu, kwa hiyo kwa upande wake jibu nilikuwa nalo.

Nextcloud ni njia ya taasisi, shule au SACCOS yenye mtu wa kompyuta wa kudumu. Unaweka kalenda kwenye seva yenu wenyewe na simu za Android zinaunganishwa kwa programu inaitwa DAVx5. Ni nzuri mno kama kuna mtu wa kuisasisha kila mara, kama hayupo itakaa na matundu ya usalama miaka na hapo ni afadhali Google.

Programu za kalenda za familia zenye rangi nzuri na matangazo chini, hizo mimi naziweka mwisho. Kabla hujaiweka fungua ukurasa wake pale Play Store, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data usome inakusanya nini na inampa nani. Kama kalenda inataka kujua ulipo muda wote na majina yote ya simu yako, iache.

Na kama mnachohitaji ni kikao kimoja kwa mwezi cha kikundi, mnaweza msihitaji kalenda. Magrupu ya WhatsApp yana sehemu ya kuunda tukio, watu wanajibu watakuja au hawaji, na limefumbwa kama meseji nyingine. Kikoba chetu kiliishia hapo na kinatosha.

Mimi nimefanyaje? Ya familia na biashara iko Google kwa sababu ndo ndugu wote wanaweza kuifungua, na mambo yangu ya ndani kabisa yako kwenye Fossify Calendar ambayo inakaa kwenye simu yangu tu, haihitaji intaneti wala akaunti. Kalenda ambayo ndugu hawaifungui ni sawa na haipo, hata iwe ya siri namna gani. Lakini kama kazi yako ni ya kutunza siri za watu, mwanasheria, muuguzi, mwandishi wa habari, anayesaidia wanawake waliopigwa, usinifuate mimi, nenda Proton au Tuta na wote unaofanya nao kazi waende huko.

Hatua ya 4: tenga kalenda, usishee ile kuu

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila akaunti inakuja na kalenda kuu yenye jina lako. Hiyo usiishee na mtu, kamwe, kwa sababu ndo inayopokea vitu vyenyewe, ukikata tiketi ya ndege au kulipia hoteli risiti ikaja Gmail, Google anaweza kuandika tukio bila kukuuliza. Kuna setingi ya matukio yanayotoka Gmail, ingia uizime au uhakikishe imewekwa unaona wewe tu.

Badala yake unaunda kalenda nyingine ndani ya akaunti hiyo hiyo. Njia ya uhakika ni kompyuta, kama huna ingia kwa rafiki au stationery, ila utumie dirisha la faragha la browza na ukimaliza utoke kwenye akaunti kabisa. Fungua Google Calendar, upande wa kushoto kuna orodha ya kalenda zingine na alama ya kujumlisha, bonyeza, chagua kuunda kalenda mpya, ipe jina. Mimi nina tatu. Ya kwanza naiita Nyumbani, ndugu wote wamo. Ya pili ni Duka, msaidizi na mimi. Ya tatu ni Ziwa, na hii iko wazi kwa yeyote anayeitaka: siku za giza na siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi ya dagaa haiingii kwa kuwa taa hazivuti kitu, siku za gulio, na vipindi vya kufunga ziwa watu wasivue kama kile cha 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Hayo hayana siri, mwezi unaonekana na kila mtu, na hata wenzangu wa mwalo wa Kibirizi nimewapa.

Ukishaunda, peleka mshale kwenye jina la kalenda, bonyeza vidoti vitatu, ingia kwenye setingi na kushea, shuka mpaka sehemu ya kushea na watu maalumu, weka barua pepe ya mtu. Hapo utaulizwa ngazi na zipo nne. Ya chini kabisa anaona tu kama una shughuli au uko huru, haoni jina la tukio. Ya pili anaona maelezo yote. Ya tatu anaweza kubadilisha matukio. Ya nne anaweza kubadilisha na pia kushea na wengine, yaani anakuwa adimini kama wewe. Rudi kwenye karatasi yako. Msaidizi wangu wa duka yuko ngazi ya kwanza kwenye Nyumbani na ya tatu kwenye Duka. Ndugu wawili tu wana ngazi ya tatu kwenye Nyumbani. Ngazi ya nne nina mimi na kaka mkubwa, ili nikipotelewa na simu au nikiugua isikwame.

Sasa mtego ambao watu wengi hawaujui. Ukiandika tukio unaweza kuliweka liwe la faragha, na ukiliweka hivyo wale wa ngazi ya kwanza na ya pili hawaoni yaliyomo. Lakini wale wa ngazi ya tatu na ya nne wanaliona lote kama kawaida. Kwa hiyo neno faragha lisikudanganye, kama mtu anaweza kuhariri kalenda yako basi hakuna siri ndani ya kalenda hiyo, siri iweke kalenda nyingine.

Na kwenye ukurasa huo huo kuna vitu viwili usivibonyeze bila kufikiri. Kimoja ni kuifanya kalenda ionekane kwa umma, ambacho mimi nimekiwasha kwenye Ziwa tu. Kingine ni ile anwani ya siri ya aina ya iCal, linki ndefu yenye herufi zisizosomeka. Yeyote mwenye linki hiyo anasoma kalenda nzima bila nywila, bila jina lake kuonekana kwenye orodha ya watu. Ukishawahi kumtumia mtu, hata mara moja kwenye grupu, kuna kitufe cha kuibadilisha pembeni yake, ibadilishe leo, ya zamani itakufa.

Hatua ya 5: saa, maana hapa tunaumizana

Sio faragha moja kwa moja lakini bila hii kalenda yenu itaachwa ndani ya wiki mbili. Mdogo wangu wa Tabora aliandika kliniki ya mama 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi kama tunavyohesabu sisi, simu yake na za wote zikalia saa nane usiku, kaka wa Dar akaamka akidhani kuna msiba, akapiga simu kila mahali. Ingieni wote kwenye setingi muwashe mfumo wa saa 24, afu mkubaliane kwamba saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00, na mwanzo kila mtu aongeze kwa maneno kwenye jina la tukio, "saa 2 asubuhi", mpaka mzoee.

Kwa wanaofanya biashara na Bujumbura au Kalemie kumbukeni wenzetu wako nyuma yetu saa moja, huku ikiwa saa nne kule ni saa tatu. Na ukienda vijiji vya mpakani kama Kagunga simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo ikajirudisha saa yenyewe na matukio yote yakasogea. Kwenye setingi za kalenda zima ile ya kufuata saa za simu, chagua saa za Afrika Mashariki iwe ya kudumu. Sikukuu za Idi zinazokuja na kalenda nazo usizifuate kwa kukata tiketi, Ujiji tunasubiri mwezi uandame.

Hatua ya 6: andika tukio kama mtu mgeni atalisoma

Kuna ndugu yetu mmoja, sitasema ni nani, aliandikiwa miadi yake na mtu aliyekuwa na nia njema, na akaandika jina la kliniki lilivyo. Simu ya ndugu mwingine ilikuwa imelala kaunta ya duka, wateja wawili wamesimama, skrini ikawaka yenyewe na ile kumbusho ikasomeka yote, jina la mtu na jina la kliniki. Hakuna aliyesema kitu. Mteja mmoja aliangalia skrini, akaangalia pembeni, akalipa akaondoka. Lakini kwa mji wetu ulivyo yule ndugu alikuja kuulizwa maswali ambayo hakustahili kuulizwa, na mpaka leo hataki jina lake liwekwe kwenye kalenda yoyote, na namuelewa kabisa.

Tangu hapo tuna kanuni zetu. Hakuna jina la ugonjwa, dawa wala idara. Tunaandika "Mama, miadi, anapelekwa na dada". Hela haiandikwi kabisa, wala kiasi wala neno benki, safari yangu ya kukusanya malipo inaitwa "sipo" na inachukua siku nzima hata kama ni nusu siku, ili isijulikane natoka saa ngapi. Siku ya kuvunja kikoba haiandikwi na nyumba itakayofanyiwa, hiyo mtu anaambiwa kwa mdomo. Watoto hatuandiki jina la shule na saa ya kutoka kwenye tukio moja. Maelezo ya chini hatubandiki picha ya kadi ya kliniki, namba ya NIDA wala namba ya bima, nimeona watu wanafanya hivi ili "isipotee".

Ukialika watu kwenye tukio moja kwa barua pepe, kila mwalikwa anaona barua pepe za wenzake wote usipobadilisha. Pale kwenye ruhusa za waalikwa ondoa tiki kwenye kuona orodha na kwenye kualika wengine. Kwa mwenye saluni au fundi cherehani anayewaandikia wateja miadi hii ni muhimu zaidi, mteja wako hana sababu ya kujua mteja mwenzake anakuja lini kupima gauni la harusi.

Hatua ya 7: simu yenyewe

Weka kufuli la namba au alama ya kidole, najua utasema ni jambo la kawaida ila nenda kahesabu ndugu zako wangapi hawana. Kisha kwenye setingi za notifikesheni chagua maudhui nyeti yasionekane skrini ikiwa imefungwa, simu italia lakini haitasema ni nini. Kama una kile kidirisha cha kalenda kwenye skrini ya mbele kitoe, kinasomwa na kila anayeomba simu yako aangalie saa.

Afu nenda kwenye setingi, faragha, kwenye orodha ya ruhusa, fungua ruhusa ya kalenda uone programu gani zimepewa. Mimi nilikuta programu ya mkopo niliyoijaribu siku moja tu na gemu la mtoto. Programu ikipewa ruhusa hii kwenye Android inaweza kusoma kalenda zote zilizo ndani ya simu, pamoja na zile ulizoshewa na wengine. Yaani ukiruhusu wewe umewatoa na ndugu zako wanne ambao hawajaulizwa. Kwa sababu hii hatua hii tulifanya pamoja, Jumapili moja kila mtu akiwa na simu yake mkononi tukipigiana video, mmoja mmoja anasoma orodha yake kwa sauti.

Akaunti ya Google iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia. Kama unatumia namba ya simu kupokea tarakimu za uthibitisho basi hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, wengi wetu tunatembea na laini za binamu na siku laini ikifungwa ndo unajua huna akaunti. Na mialiko ya watu usiowajua, ile ya "umeshinda zawadi" inayotokea yenyewe kwenye kalenda, kuna setingi ya kuongeza mialiko pale tu anayetuma anajulikana. Ukiikuta usibonyeze kukubali wala kukataa, maana ukijibu tu umemthibitishia kwamba upo, iripoti kama taka.

Hatua ya 8: siku ya kumtoa mtu

Tuliandika kabisa kwenye daftari la duka, chini ya kurudisha funguo na kuhesabu stoku: kutoka kwenye kalenda, kutoka kwenye grupu, kubadilisha nywila ya kompyuta ya duka. Anayeondoka anakuwepo tunapofanya, naona ni heshima zaidi kuliko kumtoa kimyakimya usiku akaja kugundua mwenyewe. Kwenye Google ni pale pale kwenye orodha ya kushea, alama ya kufuta mbele ya jina lake. Halafu badilisha na ile anwani ya siri, kama aliwahi kuwa na ngazi ya juu angeweza kuichukua. Simu ikiibiwa ni haraka zaidi, kwenye akaunti ya Google kuna orodha ya vifaa vyako, unaitoa ile simu kutokea kifaa chochote, ndo unakwenda polisi na kwenye duka la laini.

Na mara mbili kwa mwaka pakua nakala, kwenye setingi za Google Calendar ukiifungua kwa kompyuta kuna kuhamisha, utapata faili za aina ya ics ambazo programu karibu zote za kalenda zinazisoma, ukitaka kuhamia Proton au Nextcloud huanzi upya. Faili hilo halina kufuli, ukilituma kwenye grupu ni kama umebandika kalenda ukutani sokoni. Liweke kwenye flashi, flashi uiweke na hati za kiwanja.

Kama unatunza taarifa za wengine

Mwenye kliniki ndogo, shule, hoteli, saluni, hata kikoba, ukishaandika majina na miadi ya watu umeshika taarifa zao binafsi na sio jambo la hiari tu. Katiba yetu Ibara ya 16 inatambua haki ya faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, mtu anaweza kupeleka malalamiko. Kubwa linalotuhusu ni kwamba ukusanye kile tu unachohitaji kwa kazi hiyo, mwenyewe ajue unakikusanya kwa ajili gani, na usikipeleke kwingine. Jina la kwanza, saa na huduma vinatosha kumsuka mtu nywele.

Na muulize mwenye maisha yake

Hili nililifanya mwisho na lilitakiwa kuwa la kwanza. Sisi watoto tulikuwa tumepanga kliniki za mama, dawa za mama, wageni wa mama, mwaka mzima, yeye hajui hata kama kuna kalenda. Nikaenda Ujiji jioni, nikakaa naye barazani nikamfungulia simu, nikamuonesha Nyumbani na rangi zake, nikamsomea kila mahali jina lake lilipo. Akanyamaza kidogo akauliza, "Na mke wa kaka yako anaona haya yote?" Nikamwambia ndio mama, anatumia simu ya kaka. Akasema, "Ya hospitali andikeni, mtanipeleka. Lakini Alhamisi nikienda kwa shoga yangu Katubuka, hiyo si yenu mwanangu, ifuteni."

Nikaifuta pale pale akiwa anaangalia kidole changu, akaniambia nimsomee tena kuanzia juu, na tulipofika mwisho yalikuwa yamebaki matukio saba.